Pasi Isiyotaka Umeme

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Imekuja alasiri bila hodi, ikakuta mashuka ya nyumba ya wageni yote yako kwenye kamba. Mimi na Mama Povu tulikimbizana nayo kama kuku na mwewe. Yeye ndiye anayefua hapa kwa dobi, mimi ndiye ninayepiga pasi, na msimu wa mvua ndio unaotugombanisha, maana nguo hazikauki na wateja hawaelewi.

"Ukisikia mtu anaomba mvua," alisema huku akikamua shuka, "ujue huyo hafui."

Huu ni msimu wa kwanza wa mvua tangu mke wangu afariki. Binti yangu amenishauri nianze kuandika. Ya mama yake tunayaweka kwenye blogu, na ya kwangu, amesema, niyaweke humu daftarini, nisiyabebe kichwani. Blogu aliifungua yeye baada ya kukuta naandika mambo ya mama yake nyuma ya vikaratasi vya kubandika kwenye nguo za wateja. Siku hizi nikikumbuka jambo namtumia kwa simu, naye analipandisha kama lilivyo. Hakuna picha wala maua. Juu pameandikwa Mambo Madogo ya Marehemu, basi.

Leo nimemtumia lile la chumvi. Akionja mchuzi alikuwa akifumba jicho moja, la kushoto. Ukimuuliza kwa nini, anasema ulimi hauwezi kufanya kazi ukiwa unaangaliwa na macho mawili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nguo hazijakauka.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumemzika dereva wa lori la kokoto, wa mtaa wa nyuma. Sikumjua sana. Nilimjua kwa honi, na kwa sauti yake akimfokea mtu yeyote aliyesimama mbele ya lori. Ameacha mjane na watoto watatu. Nilikwenda kwa sababu nao walikuja kwangu nilipofiwa.

Wasifu wa marehemu ulisomwa na Wino. Wino ni yule mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na zahanati. Watu wakifiwa humwendea awaandikie, na akiombwa husoma pia, maana ana sauti inayofika nyuma bila kupaza. Nilisimama nyuma chini ya mwavuli, miguu kwenye tope, nikisikiliza nusu nusu. Amezaliwa, amesoma, ameajiriwa, ameoa. Kisha nikasikia hivi:

"Msimu wa mvua, nguo za shule zilipokataa kukauka, marehemu alikuwa akizilalia soksi za wanawe usiku kucha, ili asubuhi wazivae zikiwa kavu. Alikuwa akitania, akisema: mimi ni pasi isiyotaka umeme."

Watu walicheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Mama mmoja kando yangu alisema, "Kumbe alikuwa na roho hiyo?" Mimi nilishika mwavuli kwa mikono miwili.

Utani ule hauna maana katika nyumba ya dereva wa lori. Una maana katika nyumba ya mpiga pasi. Kila mvua ilipokuwa ikinyesha umeme ulikatika, pasi yangu ikageuka kipande cha chuma, na ile ya mkaa ni ya kazini, hailali kwetu. Binti alikuwa na jozi moja tu ya soksi nyeupe. Mke wangu akazichukua, akazinyoosha juu ya godoro, akazilalia. Akaniambia gizani, "Lala, bwana. Leo umepata mshindani. Pasi isiyotaka umeme."

Leo utani wake umefukiwa pamoja na mtu mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Binti amefungua simu akanionyesha. Lile la soksi lipo tangu Januari. Ukiacha binti kugeuka wanawe, Wino hakubadilisha hata nukta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Wino kabla ya kazi. Alikuwa akipanguza mashine yake ya kuchapa kwa kitambaa, kwa upole, kama anamfuta mtoto pua.

"Shikamoo, Mzee Pasi. Tunachapa nini leo?"

"Marahaba. Sichapi. Nimekuja kuuliza habari za soksi."

Hakuelewa. Nikamsomea kutoka kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonivunja nguvu, maana halikuwa la mwizi.

"Kumbe ni wewe! Mzee wangu, ule ukurasa umenisaidia sana. Nilidhani ni mifano."

"Mifano ya nini?"

"Ya wasifu. Hebu tazama mwenyewe. Mambo Madogo ya Marehemu. Marehemu yupi? Hapajaandikwa. Alizaliwa lini, wa nani, hakuna. Nikasema, huyu ni mtu mwema, amewawekea wafiwa vielelezo vya bure. Nimekuombea heri mara nyingi bila kukujua."

"Ni mke wangu."

Tabasamu likaondoka. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba nahitaji kueleza ni nani. Nani angekuwa?

"Umetumia mangapi?" nikamuuliza.

"Machache."

"Yapi?"

Aliangalia mashine. "Fundi bomba aliyefariki mwezi uliopita, nilimpa lile la kufumba jicho... hapana, hilo ni jipya, bado. Yeye nilimpa la kuzungumza na birika. Na yule bibi wa kona, nilimpa la kuhesabu ngazi kwa kunong'ona."

"Ulimpa."

"Mzee, nisikilize. Wafiwa wakifika hapa hawana neno. Nawauliza, alikuwa mtu wa namna gani? Wanajibu, alikuwa mtu wa watu. Wote ni watu wa watu! Sasa nikisoma hivyo nani atalia? Naweka kajambo kadogo, watu wanalia, wanakwenda nyumbani wepesi. Kuna ubaya gani?"

Nikatoka, nikafika kazini nimelowa, Mama Povu akaniuliza kama nimekwenda kuogelea.

Jumanne, 11 Machi

Binti yangu anauza simu dukani, anayajua mambo haya. Amesema hivi: "Baba, humwezi. Hukumkataza. Ukurasa hauna masharti ya matumizi."

"Masharti gani?"

"Yale ambayo watu wanabonyeza nakubali bila kuyasoma."

"Basi yetu watayasoma."

Tulikaa mezani. Yeye alikuwa na lugha ya kwenye kurasa nyingine: mtumiaji, mmiliki, maudhui, kwa namna yoyote ile. Nikamwambia mama yako si maudhui. Akacheka, kisha akasema haya, sema wewe, mimi naandika. Tumeweka hivi:

Haya ni mambo ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mke wangu. Si mifano. Usinakili. Usisome mbele ya watu. Usimvike marehemu wako.

"Hilo la mwisho si lugha ya sheria," alisema.

"Sijasomea sheria. Nimesomea kola."

Akaliacha.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Umeme hakuna tangu asubuhi. Pasi ya mkaa imenitia masizi kwenye shati la mwalimu, nimelirudisha kwa Mama Povu, naye hakusema kitu. Kwake hiyo ni hasira kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Habari imetambaa. Leo mteja aliyeleta koti alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Jamani, naruhusiwa kumsalimia Mzee Pasi, au salamu nazo zina masharti?"

Mama Povu akamjibu, "Salamu ni bure. Kuondoa doa la mafuta ndiko kuna masharti, na hilo doa lako halitoki." Watu walicheka, nami nikacheka kidogo. Alipoondoka Mama Povu akanigeukia.

"Lakini shemeji, wewe nawe. Neno likishatoka mdomoni ni kama povu. Utalirudisha kwenye sabuni?"

Huniita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa mke wangu. Jioni nimemwambia binti aongeze: Usisimulie.

"Baba, sasa umekataza watu kuongea."

"Ongeza."

Jumanne, 18 Machi

Naandika hili polepole ili nilielewe.

Leo nilijaribu kuisikia sauti yake akisema pasi isiyotaka umeme. Nilikuwa nimeinamia suruali, mvua juu ya bati, giza la mawingu, kila kitu kilikuwa sawa na siku ile. Ikaja sauti ya Wino. Nzuri, nzito, inayofika nyuma. Nikajaribu tena, ikaja tena. Nikahamia la birika, nikamwona fundi bomba.

Nimezitazama nguo za watu wengine maisha yangu yote. Najua shati likivaliwa na wengi hupoteza umbo, mabega hayajui tena ni ya nani. Sikujua kwamba kumbukumbu nayo ni hivyo.

Nina woga. Sikuwa na woga hata siku ya kumzika.

Alhamisi, 20 Machi

Leo asubuhi mshona viatu wa pembeni alikutwa amesinzia juu ya kiti chake, na mteja akasema, "Huyo naye ni pasi isiyotaka umeme!" Kibaraza kizima kikacheka. Kwa hiyo sasa ni msemo. Wanamwita hivyo kila anayelala mchana.

Nimeiacha pasi, nimekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimemwambia nataka Wino asimame mbele ya watu wale wale waliokuwa mazikoni, aseme kwamba lile la soksi halikuwa la dereva, ni la mke wangu. Mwenyekiti alijikuna shingo.

"Mzee, ni soksi."

"Ndiyo. Soksi."

Alinitazama, akaona sitaondoka. Ameitisha mkutano Jumapili ya tarehe sita Aprili, kwenye banda la mikutano, baada ya mambo ya taka na mitaro. Wino ameitwa, amekubali. Inasemekana alisema, "Kama ndiyo itamtuliza."

Jumamosi, 22 Machi

Nimempa binti tangazo la mkutano aliweke juu kabisa ya blogu. Ameniuliza kama nina hakika. Nimesema sijawahi kuwa na hakika kama leo. Amesema ukurasa sasa unasomwa na watu wengi kuliko zamani, wanakuja kuona ugomvi. Mambo madogo hawayagusi, wanasoma masharti tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Sijamtumia binti jambo lolote kwa wiki mbili. Kila likija nalishika, nasema hili nalo watalichukua, nalirudisha. Mengine yakirudishwa hayaji tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Mjane wa dereva amekuja kwa dobi.

Alikuwa na furushi la mashati ya mume wake. Nilidhani ameleta yafuliwe agawe. Mama Povu akalipokea, akaniangalia, akasema anakwenda kuangalia mabeseni, ambayo yalikuwa mbele yake.

Mjane alibaki upande wa pili wa meza yangu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, labda ana umri wa binti yangu na miaka michache.

"Baba," alisema, "nimesikia habari za Jumapili."

"Ndiyo, mama. Pole. Sikusemi wewe. Namsema Wino."

"Najua. Ni haki yako. Lile jambo si la mume wangu, mimi ndiye wa kwanza kujua. Siku Wino aliponiuliza nimwambie kitu kimoja kizuri kuhusu yeye, nilikaa pale dukani mpaka akawasha taa. Sikupata."

Nikaendelea kupiga pasi, kwa sababu mtu akisema jambo kama hilo usimtazame.

"Alikuwa mkali, baba. Si kwa honi tu. Watoto walikuwa wakisikia lori linakata kona, wanakwenda chini ya meza. Alipoanguka ghafla, hakuna aliyelia nyumbani kwangu. Nikaogopa. Nikasema watoto gani hawa. Sasa siku ya mazishi Wino akasoma lile la soksi. Yule mkubwa wangu, msichana, akanigeukia, akaniuliza, mama, ni kweli? Mbele ya watu wote wale. Ningesema nini?"

"Ukasema ni kweli."

"Nikasema alikuwa akifanya mkiwa mmelala."

Pasi ilinuka. Nilikuwa nimeisahau juu ya foronya ya mtu. Nikainyanyua.

"Wakalia," alisema. "Siku ile ndipo walipolia. Na tangu siku ile, mvua ikinyesha, yule mkubwa anazichukua soksi za mdogo wake, anazilalia. Nimemwambia nitazianika jikoni, hataki. Anasema baba ndivyo alivyokuwa. Jumapili watakuwepo, baba, siwezi kuwaficha, mtaa mzima unakwenda. Sina haki ya kukuomba. Nimekuja ili usiseme hukujua."

Akaaga. Mashati akaacha.

Mama Povu alirudi na mabeseni yale yale mikononi. Aliuliza, "Utafanyaje, shemeji?" Nikamwambia nitapiga pasi. Foronya imeungua, ina alama ya pasi nzima, haiwezi kurudishwa kwa mwenyewe.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemweleza binti. Amekasirika kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hiyo mama apotee ili wao wampate baba?"

"Sijasema hivyo."

"Ukinyamaza Jumapili umesema hivyo. Na wale watoto siku moja wataujua ukweli, tena kwa mtu mbaya zaidi yako. Mtaa mzima unamjua yule dereva."

Ana haki. Mjane naye ana haki. Hata Wino, nikimfikiria vizuri, ana kipande chake. Ni mimi tu nisiyeona haki yangu iko wapi, nayo ndiyo niliyoitishia mkutano.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepiga pasi mashati ya dereva. Saba. Kola zimechakaa upande wa kulia kwa kugeuka kuangalia nyuma ya lori. Hakuna kingine cha kusema.

Jumapili, 6 Aprili

Banda lilijaa. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba mwenyekiti alilazimika kurudia habari za mitaro mara mbili, na hakuna aliyesikiliza hata moja, wote walikuwa wakisubiri soksi. Binti alikaa mbele, mikono kifuani. Wino alikuwa amesimama kando na karatasi ameikunja mara nne.

Mjane alikuwa nyuma, karibu na nguzo, na watoto wake. Wamevaa nguo za shule, ingawa ni Jumapili, nadhani ndizo nzuri walizonazo. Yule msichana alikuwa amemshika mdogo wake begani.

"Mlalamikaji asimame," mwenyekiti akasema.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, ya binti, mafupi na ya haki. Nikaangalia nyuma ili nianze, na macho yakaangukia miguu ya yule mtoto mdogo.

Soksi zake zilikuwa na mikunjo. Si ya kukunjwa na si ya kukamuliwa. Mkunjo wa kitu kilicholaliwa huwa na njia zake, unakwenda mshazari, mpana upande mmoja, kama mtu amegeuka nao usingizini. Nimeipiga pasi mikunjo ya kila aina, huo niliuona miaka ile tu, asubuhi, mguuni mwa binti yangu.

Na hapo nikaisikia. Lala, bwana. Leo umepata mshindani. Ilikuwa sauti yake, ya puani kidogo, yenye kicheko kilichokosa nafasi ya kutoka.

"Mzee, tunakusikiliza," mwenyekiti alisema.

Nikasema, "Nimekosea kuitisha jambo hili. Soksi zinalaliwa katika nyumba nyingi. Sina shauri na Wino."

Banda zima likapiga kelele kwa pamoja.

"Tumelowa bure!"

"Pasi imemwunguza kichwa huyu!"

"Masharti yote yale, kumbe hewa!"

Mwenyekiti alinisema sana, na alikuwa na sababu. Alisema nimemchafua kijana wa watu wiki tatu nzima, niombe radhi mbele ya wote. Nikaomba. Nikampa Wino mkono. Alinitazama kama mtu aliyesomewa wasifu wa mwingine.

Binti aliondoka kabla sijarudi kwenye kiti. Alikwenda nyumbani bila mwavuli.

Jumatatu, 7 Aprili

Binti haongei nami. Amepika, amefunika, ameondoka. Kwa dobi wananiita Mzee Hewa.

Jumanne, 8 Aprili

Wino alikuja wakati wa chakula. Hakukaa.

"Mjane ameniambia," alisema. "Ungeniambia mimi kabla, nisingekuja na karatasi."

"Nami sikujua mpaka nimesimama."

"Sitachukua tena, mzee. Lakini niambie. Kesho atakuja mtu, amefiwa na dada yake, nitamuuliza, ataniambia alikuwa mtu wa watu. Nifanyeje?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Usimuulize alikuwa mtu wa namna gani. Hilo ni swali kubwa, kila mtu hulikimbia. Muulize alikuwa akivua viatu vipi. Akishindwa, mlete hapa."

Jioni nimeandika masharti upya mwenyewe, kwa kidole kimoja. Binti ameyakuta kwenye simu yangu. Ameyasoma akiwa amesimama, akayapandisha bila neno, ila aliondoa koma moja. Yanasema hivi:

Haya ni ya mke wangu. Unaweza kuyasoma, unaweza hata kuyapenda. Usimpe mtu wako, hayatamkaa, yameshonwa kwa kipimo cha mwingine. Ukifiwa na huna la kusema, njoo kwa dobi saa za kazi. Nitakuwa napiga pasi, sitakutazama. Utakaa mpaka ulikumbuke la wako. Likiwa si zuri, pia ni lake.

Na ukimkuta mtoto amelalia soksi, usimuulize kajifunza wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Binti ameuliza kama nataka chai. Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Wamekuja wawili wiki hii. Yule aliyefiwa na dada alikaa kwa muda wa mashuka manne, kisha akasema dada yake alikuwa hawezi kupita kwenye kioo bila kukitolea ulimi. Akashtuka kama mtu aliyekanyaga kitu. Mama Povu amesema tukiendelea hivi tuweke benchi.

Jumatano, 23 Aprili

Mjane amekuja kuchukua mashati. Anampelekea mdogo wa marehemu. Nilimwambia akae kwanza, mkono wa shati moja ulikuwa bado. Haukuwa bado.

"Alikuwa akikata kucha vipi?" nikamuuliza, macho kwenye pasi.

"Baba! Swali gani hilo?"

"La kazi tu."

Mama Povu alikuwa akiimba pale nje, kisha akaacha.

"Juu ya gazeti," mjane akasema. "Alikuwa akitandaza gazeti zima, anakata, halafu analikunja. Polepole. Pembe kwa pembe, kama anafunga zawadi. Hakuwahi kukunja kitu kingine chochote katika maisha yake, nguo alikuwa anatupa tu, lakini kucha! Anazifunga, anazitia kwenye mlango wa lori. Lori lilipouzwa juzi mnunuzi alikuta vifurushi vimejaa, akaniuliza ni dawa?"

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza yangu. Kisha ikawa si kicheko, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Nilimsukumia leso ya mteja. Nitaifua tena.

"Si jambo zuri," alisema baadaye akijifuta.

"Si baya vilevile."

"Nitawaambia watoto hilo. Wanalijua, walikuwa wakimchungulia wakiwa chini ya meza." Akachukua mashati. "Lile jingine, baba, nitawaambia wakikua. Nitawaambia la nani."

Sikumwambia asiseme.

Jumamosi, 3 Mei

Jua nusu siku. Mama Povu ameanika mpaka kwenye ua wa jirani.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekatika, nadhani kwa kweli. Tumetoa kila kitu nje, magodoro, mito, viatu. Mimi na binti tulikuwa tukikunja mashuka, yeye ncha mbili, mimi mbili, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana. Mama yake ndiye aliyetufundisha hivyo. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu ule mkutano, chai na habari za kazi tu.

"Baba," alisema tulipokutana, "kuna kitu sijakwambia."

Nikangoja. Tukaachana na shuka, tukarudi.

"Zilikuwa hazikauki."

"Nini?"

"Zile soksi. Hazikuwahi kukauka hata siku moja. Zilikuwa mbichi vilevile, ila zina joto. Asubuhi alikuwa ananivalisha, halafu ananiangalia usoni, anauliza, zimekauka? Nami nasema zimekauka, mama. Nakwenda shule miguu inapiga chapwa chapwa. Alikuwa na furaha sana, ningesema nini?"

Nilibaki nimeshika ncha za shuka. Wino alisoma zikiwa kavu. Mimi niliandika zikiwa kavu. Mtaa mzima unajua zilikuwa kavu.

"Niliweke?" aliuliza. Simu ilikuwa mfukoni mwake.

"Hapana," nikasema. "Hilo ni letu, halina masharti. Shika ncha yako, shuka linaburuta."